Viatu vya Fiati ya Shangazi Saumu

Sogeeni. Huyo mwenye karanga azitafune polepole, nisije nikadhani ni mvua. Nina swali la kuwauliza, lakini swali lenyewe halitoki nje likiwa uchi, lazima nilivike hadithi kwanza. Na hadithi hiyo, kwa bahati mbaya, inaanza mimi nikiwa ndani ya kabichi.

Naam, kabichi. Hapo chini sokoni Soni, siku ya gulio, watu wote ninaowafahamu wakiwapo, na wengine niliokuwa na matumaini ya kufahamiana nao. Nilikuwa nimeshika usukani wa Fiati ya Shangazi Saumu. Nikaukata kulia, gari likaenda mbele. Nikaukata kwa nguvu zaidi, gari likaenda mbele kwa heshima ile ile. Mbele palikuwa na lundo la kabichi. Tukaingia.

Shangazi alikuwa kando yangu. Jani moja lilikuwa limepita dirishani na kumwangukia mapajani. Akalikunja, akalitia mkobani, maana si mtu wa kupoteza mboga. Kisha akaniuliza, "Hiza, kona imelikataa gari, au imekukataa wewe?"

Mama mwenye kabichi akaja, akainama dirishani, akanitazama kama anayepima kichwa changu na mali yake. Akasema, "Baba, wenzako huwa wanashuka ndipo wanachagua."

Kosa lilikuwa matairi, na matairi nilikuwa nimeyachagua mimi. Mnanijua. Nimeendesha malori mpaka Lubumbashi, nimesinzia Ndola, nimeibiwa viatu Lusaka nikarudishiwa kimoja, na Blantyre niliponea chupuchupu kuoa. Mtu wa namna hiyo haulizi saizi ya tairi, ananyoosha kidole tu. Nilikwenda Dar, nikanyooshea kidole matairi mapana kuliko yote yanayoweza kukaa kwenye ringi ya kile kigari, yenye maandishi meupe ubavuni, nikayaleta, nikasimama mbele ya ukoo nikatangaza: "Tairi pana ndiyo usalama."

Kwa lori ni kweli. Lakini Fiati ile ni ndogo, ya miaka ya uhuru, ukiitazama kwa mbali unadhani ni sabuni. Madigadi yake, yale mabati yanayofunika matairi, yameibana miguu kama suruali ya ujana wangu. Kutoka uani hapa mpaka sokoni njia imenyooka, kwa hiyo nilitamba. Tulipofika kona ya kwanza tairi likauma bati, likakataa kugeuka. Hivyo ndivyo nilivyojulikana Soni kwa jina la Baba Kabichi. Shangazi, nikikosea nisahihishe.

"Endelea kukosea," alisema Shangazi kutoka jikoni. "Nakusikia."

Mmemsikia. Tuendelee.

Kwa nini Fiati, na si gari la kukodi lenye maua na kipupwe? Kwa sababu ya Zuhura. Shangazi alikuwa mkunga, na kigari kile ndicho kilichomzungusha milima hii yote. Alizaa binti mmoja tu, Mwanahawa. Mwanahawa alipofikwa na uchungu, mvua ya masika ilikuwa ikinyesha, na Shangazi akawa anamteremsha kwenda hospitali ya bondeni. Hawakufika. Katikati ya Soni na Mombo, kwenye kona ile inayojikunja kama mkia wa kinyonga, Shangazi alisimamisha gari, akahamia kiti cha nyuma, akampokea mjukuu wake kwa mikono yake. Ndiye Zuhura.

Mwanahawa hakujaliwa kumwona mtoto wake akitembea. Aliugua. Siku za mwisho akamwambia Shangazi, "Mama, umemleta kwa Fiati. Basi na kwa mume umpeleke kwa Fiati." Shangazi akajibu, "Nitampeleka." Maneno yenyewe ndiyo hayo tu. Sasa Zuhura alikuwa anaolewa Mombo, masika yamerudi, na Fiati ilikuwa imevaa matairi yasiyojua kona kwenye barabara ambayo ni kona tupu.

Jioni ya siku ya kabichi, Shangazi aliwaita binamu zangu watatu. Wote watatu aliwapokea yeye walipozaliwa, na kila mmoja amepewa na Mungu kitu chake.

Mwantumu ni fundi cherehani, na kipaji chake ni jicho. Ukimpita njiani unamsalimia, yeye ameshajua kiuno chako na kwamba umeongezeka tangu Idi. Hajawahi kukosea pindo. Mimi huwa nampita nimevuta tumbo, na bado anatikisa kichwa.

Mbelwa ni mwonja chai kiwandani, na kipaji chake ni pua. Anaweza kunusa kikombe akakuambia majani yamechumwa asubuhi au mchana, na kama mchumaji alikuwa na haraka. Nyumbani kwake hakuna anayethubutu kumwambia mchuzi ni wa leo kama ni wa jana.

Singano ni mpiga ngoma, na kipaji chake ni sikio. Kabla ya kupiga huipasha ngoma motoni, anaigonga kwa kidole, anasikiliza, anaisogeza, anaigonga tena. Harusi nzima inaweza kumsubiri na yeye hana habari. Ukimuuliza anasikiliza nini, anasema, "Bado inadanganya."

Shangazi akawaambia: "Sitaki maneno. Nataka Zuhura afike Mombo ndani ya gari hili, akiwa mkavu na mzima. Atakayelivisha viatu vya kulifikisha, siku nitakapoacha kuendesha ufunguo ni wake. Haliuzwi, haligawanywi, na ufunguo ni mmoja."

Nikauliza, "Na mimi, Shangazi?"

"Wewe utakuwa hakimu. Nyama hugawa yule asiye na fungu."

Nilitaka kubisha, lakini nilikuwa na kipande cha kabichi ndani ya kola.

Mwantumu ndiye aliyeanza. Alichuchumaa kando ya Fiati na futi yake ya kitambaa. Akapima ringi, akapima nafasi kati ya ringi na madigadi, akaugeuza usukani huku na huku na kupima tena kila upande. Nikamwambia, "Dada, hilo ni gari, si gauni." Akasema, "Ndiyo maana ulilivisha koti la mwanamume mwingine." Akaenda kusimama barabarani, akawa anatazama magari yanavyopita. Yakapita mabasi, yakapita malori. Ikaja kirikuu, ile pikapu ndogo inayobeba karoti mpaka inakaa chini kama kuku anayetaga. Mwantumu akaisimamisha kwa mkono, akapiga magoti kwenye tope, akaizungushia futi tairi lake.

Dereva akatoa kichwa. "Dada, unanipimia nini, jeneza?"

"Tulia. Napima kiatu."

Akainuka na tope magotini. "Ndicho hiki," akasema. "Chembamba, kirefu kidogo, kinageuka bila kugusa bati. Fiati avae viatu vya kirikuu." Na kweli, saizi ilikuwa moja. Tulikuwa tumelizunguka jibu kila siku ya gulio, limebeba karoti, na hakuna aliyeliona.

Kisha ikawa zamu ya Mbelwa. Tulikwenda naye mjini kuyatafuta matairi hayo, na muuzaji mmoja akatutolea manne, meusi, yanang'aa kama viatu vya bwana harusi. Mimi nilishaanza kuyapakia. Mbelwa akasema, "Ngoja." Akainama, akanusa. Akanusa la pili. Akafumba macho, kama anavyofumba kwenye chai mbaya.

"Yamezeeka haya."

Muuzaji akacheka. "Kaka, hayajawahi kugusa barabara."

"Hata mimi nina shati ambalo sijawahi kulivaa. Lina miaka mingi na limeoza kwapani. Mpira huu umekufa ukiwa dukani, mkaupaka mafuta." Akalikunja tairi kwa mikono miwili, na ubavuni ikajitokeza mistari midogo midogo, kama kisigino cha mtu asiyejua ndala. Akanionyesha tarakimu zilizopigwa chapa ubavuni, zinazotaja wiki na mwaka wa kutengenezwa. Mwaka huo Zuhura alikuwa darasa la pili.

Muuzaji akawa na shughuli ya ghafla nyuma ya duka. Aliporudi alikuwa na mengine manne, hayang'ai, yana vumbi la safari. Mbelwa akanusa, akapangusa pua. "Haya bado yananuka ujana," akasema, na hapo ndipo akaniruhusu kupakia.

Singano, yeye siku zote hizo alikuwa akipasha ngoma zake kwa ajili ya harusi. Fundi pancha akayafunga matairi, akayajaza upepo, akapiga teke moja la mwisho, akasema, "Tayari, Mama." Shangazi akazunguka uwanja mara moja. Kigari kikaruka kila kijiwe kama mbuzi aliyefunguliwa. Sisi tukapiga makofi. Singano akaacha ngoma, akaja, akaligonga tairi la mbele kwa kidole. Akasikiliza. Akaligonga la nyuma.

"Linadanganya," akasema.

Fundi akakasirika. "Nimejaza kama ninavyojazia kirikuu zote."

"Kirikuu anabeba magunia ya karoti. Huyu anabeba bibi harusi. Ngoma ukiikaza kupita kiasi fimbo haikai juu yake, inadunda. Na tairi hili halitakaa barabarani, litagusa kwa katikati tu, kama mtu anayetembea kwa vidole. Kwenye mvua litateleza."

Akachuchumaa, akaanza kupunguza upepo, anagonga, anasikiliza, anapunguza. Ya mbele aliyapunguza zaidi kuliko ya nyuma. Nikamwuliza kwa nini, akanitazama kwa huruma. "Kaka Hiza, injini ya gari hili iko wapi?"

Iko nyuma. Nilikuwa najua. Nilikuwa najua tangu siku nilipofungua boneti ya mbele nikapiga kelele kwamba tumeibiwa.

Sasa siku ya harusi. Mvua ilianza tangu alfajiri. Shangazi aliketi kwenye usukani amevaa kanga mpya, Zuhura pembeni yake, na mimi nyuma, magoti yakiwa masikioni, nimepakata sufuria la pilau. Sikuitwa kwa heshima. Niliitwa kama mtu wa kusukuma. Wale watatu walifuata nyuma ndani ya kirikuu ile ile ya karoti, maana dereva alikwishaanza kujiona mkwe.

Tuliteremka vizuri. Zuhura alikuwa ameshika mkoba wa bibi yake kwa mikono miwili. Tulipokaribia kona ile ya mkia wa kinyonga, Shangazi akapunguza mwendo, akasema, "Hapa ndipo ulipoanza kelele zako." Zuhura akacheka kidogo, kisha akalia kidogo. Nami nikajifanya ni mvuke wa pilau.

Ndipo likatokea lori linapanda. Limechukua kona yote, upande wake na upande wetu. Kushoto ukuta wa mlima, kulia bonde ambalo sikuchungulia, nawaambia ukweli. Shangazi hakupiga honi. Alikanyaga breki na kuukata usukani wote kushoto, mpaka mwisho.

Na gurudumu likageuka. Lilikata mpaka mwisho bila kugusa bati, tukaingia kwenye mfereji mwembamba kati ya lori na mlima. Tairi la mbele likagonga jiwe lenye makali kama shoka, nikasikia mshindo chini ya mifupa yangu. Na mpira ukabonyea, ukarudi, haukupasuka. Barabara ilikuwa imepakwa tope, gari likataka kuteleza, nililihisi likitaka. Na matairi yakakaa chini, yakashika, tukasimama. Lori likapita hapo kando, karibu kiasi kwamba ningeweza kumpa dereva wake pilau.

Yote hayo yalitokea kwa pumzi moja. Shangazi akazima injini. Akamshika Zuhura shavu, akamtazama, mkavu na mzima. Akasema, "Mara mbili, kona moja." Akawasha gari. Tulifika Mombo pilau ikiwa ya moto, na yule bwana harusi alimfungulia Zuhura mlango kwa namna ambayo mlango wenyewe ulimbakia mkononi, lakini hilo ni swali la siku nyingine.

Baada ya harusi, uwanjani hapa hapa, wale watatu wakaja mbele yangu.

Mwantumu akasema, "Usukani ulikata mpaka mwisho. Bila jicho langu mngekuwa bado mnanusa na kugonga tairi ambalo halingeingia ndani ya madigadi. Mngetoka kwenye kabichi mkaingia bondeni."

Mbelwa akasema, "Saizi sahihi ya tairi lililooza ni saizi sahihi ya msiba. Lile jiwe lingelipasua kama papai. Jicho la dada liliona kiatu, sikatai, lakini yale yanayong'aa yalipotolewa, jicho hilo halikusema neno."

"Sikuwapo dukani," akasema Mwantumu.

"Ndivyo nisemavyo. Mimi nilikuwapo."

Singano akasubiri wamalize, kama anavyosubiri waimbaji. Akasema, "Tairi la saizi yake, changa, lililokazwa kupita kiasi, ni mpira wa watoto. Lingegeuka vizuri, lisingepasuka, na lingeteleza likiwa zima mpaka chini ya lori. Mnaniona mimi sikununua kitu, sikusafiri. Nilitoa upepo tu. Lakini huo upepo ndio ungewaua."

Nikamgeukia Shangazi aniokoe. Akauvua mkufu wake wenye ufunguo, ule mmoja tu, akanivalisha shingoni. "Hakimu," akasema, "utakapokuwa umeamua utaniambia." Akaingia ndani.

Basi jamani, tangu masika ufunguo uko hapa shingoni. Nimeuliza Tanga, nimeuliza Arusha, nimemwuliza ofisa wa mpakani akanigongea muhuri mahali pasipostahili. Nikisema Mwantumu, naona jiwe. Nikisema Mbelwa, naona tope. Nikisema Singano, nakumbuka kabichi. Nao hawajanisaidia. Mwantumu ameniletea shati hili, mnaona lilivyonikaa, halijawahi shati kunifichia tumbo hivi. Mbelwa ananiletea chai ambayo wazungu hawaipati. Singano hupiga ngoma chini ya dirisha langu kila ninapotaka kulala, naye ndiye mwaminifu kati yao, maana haniletei rushwa bali vitisho. Nimepokea vyote kwa moyo mweupe, na bado sijui.

Na Fiati imesimama pale nyuma chini ya turubai, haki isubiriwe. Kuku mwekundu ametaga kwenye kiti cha dereva. Shangazi akirudi sokoni na kikapu kichwani hunipita hapa, huniuliza, "Umeamua?" Namjibu, "Bado kidogo, Shangazi." Hunitazama, anaendelea na kilima. Zahanati pia anakwenda hivyo hivyo, polepole, na magoti yake mnayajua.

Kwa hiyo nimewakusanya ninyi, mliotoka Dar na Tanga, mliosoma na mliosimuliwa. Msiniambie tuligawe, limekatazwa. Msiniambie wapokezane, ufunguo ni mmoja na hao watatu hawawezi hata kupokezana kijiko. Jicho lililoona kiatu, pua iliyokataa kifo kilichopakwa mafuta, au sikio lililosikia upepo unaodanganya? Ukimtoa mmoja, Zuhura hafiki. Ukimpa mmoja, unawadhulumu wawili. Wewe ungekuwa na ufunguo huu shingoni, ungemvalisha nani?

Mkeka mzima wa wasikilizaji ukawaka. Walioshona maishani mwao wakasema Mwantumu, bila saizi hakuna kitu. Mwenye karanga akasema Mbelwa, akasimama kabisa, karanga zikamwagika. Kina mama wa upande wa ukutani wakasema Singano, kisha wakaanza kugombana wenyewe kwa wenyewe kama upepo ni sehemu ya tairi au si sehemu. Nilikuwa nimefurahi. Niliona kesi itafika masika yajayo.

Pazia la jikoni likasogea. Shangazi Saumu akasimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Hiza," akasema, "nilikwambia uamue nani atakayerithi siku nitakapoacha kuendesha. Ni nani aliyekwambia nimeacha?"

Nilishika ufunguo kifuani, na kwa mara ya kwanza nikausikia uzito wake.

"Kesho nakwenda Mombo kumwona mjukuu wangu. Mtoe huyo kuku kwenye kiti changu, na ulete ufunguo."